Mguu mkavu nao ni dawa: baridi ya mvua inayozipiga familia zilizokimbia vita Goma

Kivu ya Kaskazini – Mvua inaponyesha usiku kucha Goma, maji hupita chini ya bashi na kulowesha kila kitu kilicho chini. Asubuhi mama anaamka miguu imekunjamana, imevimba na haina hisia. Anavaa sandali zilezile zenye maji, anabeba bidoni na kwenda kuchota. Siku ya tatu miguu inamwaka kama imepakwa pilipili na hawezi tena kukanyaga. Jirani mmoja anasema ni uchovu, mwingine anasema ni funza, wa tatu anasema amerogwa. Wengi hukata shauri kwa maneno mafupi: baridi ya Goma haimdhuru mtu.

Maneno hayo si kweli, na yanaumiza watu. Baridi yenye maji inaharibu mguu bila barafu yoyote. Ugonjwa huo unajulikana kwa waganga tangu zamani, una dalili zake, una matunzo yake, na kuuzuia hakuhitaji mashine wala dawa ya bei kali. Kinachokosekana Goma ni kuuhesabu. Kila mgao unapopangwa huhesabiwa unga, maharagwe, mafuta, sabuni na mabashi. Mguu wa mtu hauhesabiwi, wakati ndio anaotumia kutafuta chakula, kubeba mtoto na kukimbia risasi.

Baridi ya hapa ni ya namna gani?

Goma iko kwenye urefu wa mita karibu 1500 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa mvua joto hushuka hadi karibu nyuzi 15. Ngozi ya mtu haigandi mpaka joto liende chini ya sifuri, kwa hiyo mtu aliyelala Mugunga au Majengo hawezi kupata jeraha la kuganda kama wanalopata watu wa nchi za theluji. Hapo wanaosema Goma hakuna barafu wana haki.

Lakini mlima hauko mbali. Kwa kawaida, kila mtu akipanda mita 1000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kilele cha Nyiragongo kiko mita 3470, kwa hiyo usiku wa nyuzi 15 mjini unaweza kuwa wa nyuzi 3 kule juu, kabla ya kuhesabu upepo na nguo zilizolowa. Karisimbi ina mita 4507, na pale kugandisha ni jambo la kawaida. Wenyeji wanajua weupe unaoonekana kileleni baada ya mvua kubwa. Jina la mlima lenyewe huhusishwa na neno la Kinyarwanda amasimbi, linalotaja weupe huo.

Historia ya mlima huo ina somo chungu. Mwaka 1908, mjiolojia Mjerumani Egon Kirschstein, aliyekuwa katika safari ya Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipitisha msafara wake juu ya Karisimbi. Dhoruba ya mvua ya mawe na theluji ikawakuta. Wapagazi 20 wakafa kwa baridi. Walifia karibu kabisa na mstari wa ikweta, katika nchi ambayo hadi leo watu husema baridi haiui. Walikuwa watu waliozoea milima na mizigo. Hakuna mazoea yanayomlinda mtu aliyelowa, aliyechoka na asiye na nguo za kubadili.

Mambo hayo matatu, kulowa, kuchoka na kukosa cha kubadili, ndiyo hali ya familia iliyokimbia. Mwanzoni mwa 2025 kambi kubwa za kandokando ya mji, kama Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, zilibaki tupu. Wengi walirudi Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, na wako waliokuta nyumba hazina paa wala mlango. Wengine walibaki kwa jamaa, makanisani au shuleni. Kibumba na milima ya Masisi ni juu kuliko Goma, na baridi yake ni kali zaidi. Kwa hiyo kambi kufungwa hakukumaliza habari ya baridi. Pengine kumeipeleka mahali ambapo hata kituo cha afya kiko mbali.

Majeraha mawili yanayofanana

Kuna majeraha mawili ambayo watu huyachanganya, na kuyachanganya kunaleta matunzo mabaya.

La kwanza ni la kuganda. Hutokea palipo na joto chini ya sifuri, na huanzia kwenye vidole vya miguu na vya mikono, masikio, pua na mashavu. Likiwa jepesi, mtu husikia kuchomachoma, kisha ganzi, na ngozi hupauka. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo hayaonekani upesi. Mtu asitafute wekundu. Atafute mahali palipogeuka rangi ya majivu au manjano, palipo baridi na pagumu kidogo kuliko upande mwingine wa mwili. Kulinganisha kidole na kidole, sikio na sikio, ndiyo njia rahisi.

La pili ni la mguu uliokaa katika maji baridi. Hili halihitaji barafu. Nyuzi 15 zinatosha, iwapo mguu umelowa saa nyingi au siku mbili tatu mfululizo. Mguu hupauka, hukunjamana kama wa mtu aliyefua nguo siku nzima, huvimba na kufa ganzi. Mgonjwa husema anatembea kama amekanyaga pamba. Anapouanika na ukaanza kupata joto, mguu huvimba zaidi, hupiga kama moyo na kuuma sana, hasa usiku. Malengelenge yanaweza kutokea. Ukiachwa, ngozi hufa na vijidudu huingia. Hili la pili ndilo la Goma.

Namna ya kutunza

Kwa yote mawili, kazi ya kwanza ni moja: kumtoa mtu kwenye maji na upepo, kumvua nguo na viatu vilivyolowa, kumfunika kwa nguo kavu na kumpa kinywaji cha moto chenye sukari kama ni mzima wa akili na anaweza kumeza. Pete na kamba zinazobana zivuliwe kabla kiungo hakijavimba.

Baada ya hapo njia zinaachana. Kidole kilichoganda kidogo mlimani hupashwa kwa ngozi ya mtu: mkono uwekwe kwapani, mguu uwekwe kwenye tumbo la mwenzake. Kama ganzi haitoki, kitiwe katika maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39 kwa dakika 15 hadi 30. Asiye na kipimajoto atumie kiwiko cha mtu mzima mwenye afya: yawe kama maji ya kuogesha mtoto mchanga. Jambo moja lisisahauliwe: kama mtu bado ana safari kwenye baridi na kidole kinaweza kuganda tena, kisiyeyushwe kwanza. Kuganda mara ya pili kunaharibu kuliko mara ya kwanza.

Mguu wa maji baridi hautaki haraka hiyo. Uoshwe kwa maji safi na sabuni, ukaushwe kwa kugandamiza kitambaa polepole, hasa katikati ya vidole. Uinuliwe juu ya mzigo au gunia, uachwe upate hewa na urudi kwenye joto taratibu, huku mwili wote ukifunikwa. Malengelenge yasipasuliwe. Kwa maumivu, muuguzi anaweza kutoa parasetamoli au ibuprofeni. Mama mjamzito asitumie ibuprofeni. Mgonjwa asitembee mbali kwa siku kadhaa. Hapo ndipo familia nyingi hushindwa, kwa sababu asipotembea hawali, na ndipo majirani wanapopaswa kuingia.

Kituo cha afya kisicheleweshwe kama ganzi haijaondoka baada ya usiku mmoja, kama kuna malengelenge yenye damu, weusi, usaha, harufu mbaya, uvimbe unaopanda juu au homa. Mwenye kidonda aulizie chanjo ya pepopunda. Mwenye ugonjwa wa sukari asisubiri kabisa. Na ganzi inayoendelea hata wakati wa kiangazi ipimwe, maana si kila ganzi ni ya baridi. Inaweza kuwa ya sukari au ya ukoma.

Ishara nyingine ni ya hatari kuliko mguu: mtu anayetetemeka, kisha anaacha kutetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka na kutaka kulala. Baridi imeingia ndani ya mwili wake, na huyo abebwe upesi kwenda kwa waganga. Mtoto mchanga hatetemeki kama mkubwa. Yeye hupoa, hulegea na kuacha kunyonya. Awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kichwa kimefunikwa, hata wakiwa njiani.

Mazoea yanayoharibu

Dawa zinazopendwa Goma dhidi ya baridi ndizo zinazoongeza madhara.

Ya kwanza ni mbabula. Mguu wenye ganzi hausikii moto. Mtu anaweka nyayo kando ya makala, anaona raha, na anapogundua ngozi imekwisha ungua. Tena mbabula iliyoingizwa ndani ya hema au chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Familia hulala na isiamke. Mbabula ibaki nje. Kinachoruhusiwa kuingia ndani ni maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, na yasiwekwe kwenye kiungo chenye ganzi.

Ya pili ni kusugua kwa nguvu. Ngozi iliyodhoofika huchubuka, na iliyoganda huvunjika ndani kama nyanya iliyokandamizwa. Ya tatu ni kanyanga. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto, kumbe joto la ndani linatoka. Sigara nayo hubana mishipa ya vidole na kuzuia damu kufika.

Kwa Goma kuna kosa la nne ambalo miji mingine haina. Mtu anayekimbia upepo hutafuta bonde dogo au shimo kati ya mawe ya volkano. Huko ndiko mazuku hukaa, hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kutuama mahali pa chini, hasa usiku na alfajiri. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Bulengo, Mugunga na Ziwa Kijani, wenyeji wanayajua mashimo hayo. Mgeni hayajui. Kabla ya kusimamisha kibanda penye kinga ya upepo, amuulize mwenyeji kama pale hakuna mazuku.

Kuzuia ni kwa saa nane

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Ulaya walikaa siku nyingi ndani ya mahandaki yaliyojaa maji na matope. Maelfu wakaharibika miguu, wengine wakakatwa, na wengi wao hata hawakuganda. Jeshi la Uingereza liliona hasara, likaweka sheria: soksi kavu, miguu kukaushwa na kupakwa mafuta, na askari wawili wawili kukaguana miguu kila siku. Wagonjwa wakapungua sana, ingawa mahandaki yalibaki na maji yake. Kilichobadilika ni mazoea na usimamizi.

Familia iliyokimbia vita haiwezi kuzuia mvua, ila inaweza kuupa mguu saa nane kavu kila usiku. Jioni miguu ioshwe, ikaushwe na ivalishwe soksi au kipande cha kitenge cha zamani ambacho kazi yake ni ya usiku tu, kisichotoka nje. Nguo hiyo ihifadhiwe mchana ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe. Mtu anayefunga plastiki mguuni kwa ajili ya mvua aivue anapofika, maana jasho linalobaki ndani ni maji vilevile. Mafuta ya kupaka yanasaidia juu ya ngozi kavu. Juu ya ngozi iliyolowa yanafungia maji ndani.

Kitanda ni nusu ya kazi. Jiwe la lava hunyonya joto la mwili usiku kucha na ncha zake hutoboa bashi. Matawi ya mkaratusi yaliyopangwa, juu yake majani makavu, kisha karto au magunia, huinua mtu kutoka kwenye maji. Mfereji mdogo kuzunguka kibanda, hata wa upana wa kiganja, hupitisha maji kando. Na zile jozi za askari zinaweza kuwa za mama na jirani yake, kaka mkubwa na mdogo wake: kila jioni mmoja aangalie nyayo za mwenzake. Mtoto hatasema ana ganzi. Mkubwa lazima amguse.

Nani abebe jambo hili?

Wako watakaosema haya ni mambo madogo. Kuna vita, kuna kipindupindu, kuna njaa. Mtu aanze kuhesabu soksi? Swali ni la haki, na linajibiwa na maisha ya kila siku ya Goma. Mtu aliyepoteza shamba hula kwa miguu yake. Anabeba mizigo sokoni, anasukuma chukudu, anafua nguo za watu, anatafuta kuni, anatembea kilomita nyingi kurudi kuona kama mihogo imebaki. Akikaa chini wiki mbili, watoto wake hawali wiki mbili. Kidonda kikiingia vijidudu, kituo cha afya kitatumia dawa zenye bei kuliko viatu ambavyo vingemkinga. Anayepinga viatu kwa sababu ya chakula anasahau kuwa kwa familia hizi viatu ndivyo vinavyoleta chakula.

Kwa hiyo mashirika yanayogawa misaada yaweke katika kila mgao wa msimu wa mvua viatu vilivyofungwa kwa kila mtu mwenye umri wa kutembea, soksi mbili, na kitu cha kuinua kitanda kutoka ardhini. Bashi bila sakafu ni nusu ya nyumba. Wauguzi waangalie miguu ya kila anayefika, hata aliyekuja kwa malaria. Viongozi wa makanisa na wakuu wa shule wanaopokea familia wafungue vyumba vyenye sakafu kavu kwanza kwa wenye watoto wachanga, wazee na wagonjwa wa sukari. Redio za mtaani zitoe tangazo fupi kila jioni wakati wa mvua, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kinande na Kihunde: kausha miguu kabla ya kulala, mbabula ibaki nje.

Waongozaji wa safari za mlimani nao wanahusika. Kwa miaka mingi wageni wamepanda Nyiragongo na makoti mazito yaliyobebwa mgongoni na vijana wa hapa. Siku milango ya mlima itakapofunguliwa tena, koti, soksi kavu na viatu vya mpagazi viwe sharti la safari, sawa na tiketi ya mgeni. Wale 20 wa Karisimbi walikufa wakibeba mali ya wengine.

Habari hizi zinawafaa pia waliopata njia ya kwenda Canada, Marekani au Ulaya ya kaskazini. Huko baridi inashuka mbali chini ya sifuri, na mtoto anayesubiri basi la shule na glavu zilizolowa anaweza kuganda vidole kwa muda mfupi. Aliyejifunza Goma kukausha, kulinganisha vidole, kutosugua na kutokimbilia moto, amebeba elimu inayomsaidia hata kwenye theluji.

Mvua zitarudi Septemba kama kila mwaka. Muda wa kununua viatu, kuchimba mfereji na kutafuta magunia ni kabla ya hapo, wakati mawe bado ni makavu.